Kucha Nyeusi za Wahusika Wetu

Ndugu waandishi wenzangu, naanza na aibu yangu mwenyewe, ili nikishafika kwa wengine nisiambiwe kuwa nawasema watu.

Siku moja nilisoma sura ya tatu ya riwaya yangu mbele ya wenzangu, barazani, Chake Chake. Tulikuwa saba, na birika la chai ya tangawizi. Katika sura ile yumo mwanamke aliyefiwa na mumewe. Nilimwandika amekaa chumbani peke yake, taa imezimwa, kucha zake zimepakwa rangi nyeusi kama usiku usiokuwa na alfajiri. Nilipofika hapo nilipunguza sauti kidogo, maana nilijua kuwa nimeandika! Na wenzangu kweli wakatikisa vichwa: nzito hiyo, nzito. Mmoja tu, kijana wa Wete asiyekuwa na maneno mengi, ndiye aliyeuliza:

"Kwani, dada, nani kampaka?"

Sikuwa na jibu. Mwanamke aliyefiwa yumo ndani ya eda, miezi minne na siku kumi. Hajipambi, hajitii manukato, hatii hina. Sasa hiyo rangi nyeusi kaipata wapi? Kaenda dukani na msiba wake? Kuna mtu kamshika mkono akampaka? Nikacheka nikasema, ah, hiyo ni ishara tu, ishara ya huzuni. Yule kijana akanyamaza. Lakini mimi usiku ule usingizi haukuja.

Nikaona kabla sijaandika tena ukucha wa mtu, nianze na wa kwangu. Kesho yake nikaenda dukani nikanunua vichupa vitatu vya rangi ya kucha. Sisi huku vyote tunaviita Cutex, hata kama kampuni ni nyingine, kama dawa ya meno yoyote ilivyo Colgate. Nikachagua vya giza. Kimoja chekundu kilichokolea mpaka kinakaribia weusi, kimoja cha rangi ya zambarau lililoiva, na kimoja cheusi tititi. Chini ya kila kichupa pameandikwa namba tu.

Wenzetu Ulaya rangi kama hizi wanazipa majina kama vile wanatoa vitabu. Mwaka 1994 Chanel walitoa rangi nyekundu ya giza wakaiita Rouge Noir, yaani nyekundu-nyeusi. Marekani ikajulikana kwa jina la Vamp. Mwaka huo huo ikaonekana kwenye kucha za Uma Thurman katika filamu ya Pulp Fiction, na wanawake wakaigombania madukani. Mimi jina lile lilinikumbusha Stendhal, Mfaransa aliyetoa riwaya ya Le Rouge et le Noir mwaka 1830. Nyekundu na nyeusi, na kijana maskini katikati anayetaka makubwa. Na sisi si wageni wa mambo haya. Kanga mtu hainunui mpaka aulize inasemaje. Basi nikasema na mimi vichupa vyangu nitavipa majina, tena ya riwaya zetu. Kila rangi nitakaa nayo siku kadhaa, nione inapatana na kitabu chake au inagombana nacho.

Kile chekundu cha giza nilikiita Utengano. Kitabu hicho cha mwaka 1980 wengi wetu tumekutana nacho, na mwandishi wake, Said Ahmed Mohamed, ni mzaliwa wa hapa hapa Pemba, 1947. Maimuna anafungiwa ndani na baba yake, Bwana Maksuudi, mtu wa heshima mbele za watu, na huko nje ana mambo yake. Binti anatoroka, na njia yake inamfikisha kwa Mama Jeni, kwenye ulevi na wanaume. Sasa sikiliza. Nilipopaka mara ya kwanza, rangi ilitoka nyekundu ya kawaida, ya sikukuu. Mara ya pili ikakolea. Mara ya tatu ndiyo ikawa giza. Nikasema, kumbe! Hivi ndivyo kitabu kilivyojengwa. Giza la Maimuna halikuja kwa mpako mmoja, limekuja tabaka juu ya tabaka, na tabaka la chini kabisa alipaka baba yake kwa ule mlango aliomfungia. La kwa Mama Jeni ni la mwisho, na kwa kuwa liko juu ndilo macho yetu yanaloliona.

Kile cha zambarau nikakiita Rosa Mistika. Euphrase Kezilahabi alikitoa mwaka 1971, na kwa muda kilipigwa marufuku skuli. Rosa anapigwa vibaya na baba yake, Zakaria, kwa ajili ya barua ya mvulana. Anakua na fimbo ile mgongoni, na anapokwenda masomoni, mbali na macho ya baba, hakuna aliyekuwa amemfundisha namna ya kusimama mbele ya mwanamme ila kwa kuogopa. Akishaacha kuogopa, anajitupa. Mwisho anapata mchumba, Deogratias, naye anataka bikira tu. Rosa anajiua. Rangi hii iliniharibikia siku ya kwanza. Nilipaka jioni, nikasikia mtu anabisha hodi, nikaificha mikono ndani ya kanga kabla rangi haijakauka. Nilipoitoa, kucha zote zimechubuka, na kanga imechafuka. Sikulaumu rangi. Haikupewa nafasi ya kukauka. Nikamfikiria Rosa.

Sasa nini nasema? Nasema wazee wetu hawa, ukiwauliza swali la yule kijana wa Wete, wanalo jibu. Nani kampaka Maimuna? Maksuudi, na wenzake. Nani kamchubua Rosa? Zakaria, na Deogratias akamalizia. Rangi ipo, na mkono uliopaka upo, na jina la mwenye mkono limeandikwa.

Tuje kwetu sisi vijana. Sisi tumechukua rangi tukauacha mkono. Fungua hadithi zetu, na za kwangu zimo. Mwanamke mbaya utamjua ukurasa wa kwanza: kucha ndefu, nyekundu, zinameremeta, midomo imepakwa, sketi imempanda. Na akishaonekana na kucha zile, mwisho wake tunaujua, kama si UKIMWI ni ajali ya gari. Mwanamke mwema naye ana hina mkononi na macho chini. Hina, Cutex. Pepo, moto. Mwandishi hana kazi tena ya kufikiri, kichupa kishamfanyia kazi. Siku hizi tumeona nyekundu imechakaa, tumehamia nyeusi, na tunadhani tumeendelea. Tumebadilisha kichupa tu, bwana.

Kichupa cha tatu, kile cheusi, nikakiita Kiza katika Nuru, kwa riwaya nyingine ya Said Ahmed Mohamed, ya mwaka 1988. Nililitaka jina tu. Nikapaka asubuhi, nikatoka uani kwenye jua. Kweli kiza katika nuru, kila ukucha ukawa kama kioo kidogo cheusi. Bibi yangu alikuwa amekaa kwenye mkeka anachambua mchele. Akaitazama mikono yangu, akarudi kwenye ungo wake. Nikangoja aniambie ni uhuni. Hakusema. Kitambo kidogo akasema, polepole, kama mtu anayeuliza habari za mvua:

"Kwani uko mwezini? Mbona mapema?"

Nikashikwa na butwaa. Halafu nikacheka mpaka mchele ukamwagika.

Kwa msomaji asiyejua, nieleze. Rangi ya chupa hukaa juu ya ukucha kama ngozi, na maji hayapenyi. Kwa hivyo masheikh wanasema udhu wake hautimii, na bila udhu hakuna sala. Mwanamke anayesali ama hapaki kabisa, ama anapaka akiwa na udhu na kuitoa ukitenguka, ama anangoja zile siku zake za mwezi ambazo hasali. Wako wanaopaka tu na wasijali, siwasemei. Lakini kwa wanawake wa nyumba zetu, kucha zilizopakwa ni tangazo: fulani wiki hii hasali. Na ukizipaka ndani ya Ramadhani ndiyo umepiga na mbiu, hufungi.

Wiki ile nilipanda gari ya Wete kutoka Chake, kucha zangu nyeusi nimezishika juu ya mkoba. Kijana aliyekaa mbele yangu aligeuka akaona urembo, akatabasamu. Mama wa pembeni aliangalia kucha, akaniangalia usoni, akasogeza kapu lake nipate nafasi ya kukaa vizuri, akasema, "Kaa, mwanangu, kaa." Yule kijana aliona rangi. Yule mama alisoma tarehe, na akanionea huruma ya tumbo.

Hapa ndipo ninapogombana na hadithi zetu, hasa za ndugu zangu wanaume. Mnaandika kucha za mwanamke ukurasa mzima, zinavyong'aa, zinavyoshika gilasi, na hamjui kwamba katika nyumba moja na nyinyi, mama zenu na dada zenu wanasomana kucha kila siku. Fikiria mhusika aliyechelewa mwezi wake, msichana wa nyumbani, hajaolewa, na ameshaanza kuogopa. Afanye nini? Anapaka rangi kwenye kucha, anajikalisha uani mama yake amwone. Hapo rangi ile ni uwongo, ni ngao, ni kilio. Hapo, ndugu yangu, una sura. Na hakuna aliyetaja umalaya.

Na huo weusi wenyewe, tusiuandike kama kwamba maana yake ni moja, msiba au dhambi. Una historia huku kwetu. Karne ya 19 nguo ya mtumwa na ya maskini ilikuwa kaniki, kitambaa cha giza kilichotiwa nili, au merikani isiyotiwa rangi. Amri ya kuondoa utumwa Unguja na Pemba ilipotoka mwaka 1897, wanawake waliokuwa watumwa walianza kuitupa kaniki na kununua kanga za maua na rangi. Hawakutaka tena kuonekana katika giza lile. Halafu mwanzoni mwa karne ya 20 likaingia buibui, jeusi nalo, na likawa nguo ya heshima, hata kwa wale ambao mama zao walivaa kaniki. Weusi wa kwanza ulisema huyu ni mali ya mtu. Weusi wa pili ulisema huyu ni bibi wa watu. Miaka haikupita mingi kati yake. Mwandishi anayeandika "alivaa nyeusi" na kuendelea na safari yake hajaandika kitu bado.

Piko nayo nyeusi, na utaikuta kwenye sherehe. Bibi harusi wa huku anachorwa maua kwa piko, na hina ikajaza wekundu mikononi na miguuni. Watu husema mikono imetoka. Ziko piko za kutiwa dawa ile ile ya kubadilishia nywele, parafenilinidiamini, na wengine huwaunguza, maua yakavimba malengelenge kabla ya siku ya kutolewa nje. Hiyo nayo ni giza la furaha lenye bei yake. Naipita, maana kuna kitu kingine kilichonileta.

Kitu chenyewe ni hina. Rangi ya chupa unaitoa kwa pamba na dawa dakika mbili. Hina hainywi dawa yoyote. Jani linapondwa, linachanganywa na ndimu, linafungwa kwenye kucha usiku, na rangi yake inaingia ndani ya ukucha wenyewe, inashikana nao. Ukirudia na kurudia, inatoka kwenye rangi ya machungwa, inakuwa nyekundu, inafika kwenye rangi ya karafuu iliyoanikwa. Ngozini itafifia baada ya wiki mbili tatu. Kwenye ukucha haitoki mpaka ukucha uote, na ukucha wa mkono huota kama milimita tatu kwa mwezi. Maji ya udhu hayana ugomvi nayo.

Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, meli ya MV Spice Islander I ilizama ikitoka Unguja kuja Pemba. Mamia ya watu walikufa, na wengi hawakuonekana tena. Mimi nilikuwa mtoto wa skuli ya msingi. Idi ilikuwa imepita siku chache tu, ndiyo Mfungo Mosi, msimu wa harusi. Jirani yetu mmoja alikuwa ameolewa wiki ile ya Idi. Mumewe alivuka kwenda Unguja kwa shughuli zake, akarudi na meli ile. Mwili wake ulipatikana, akazikwa, na bibi harusi akaingia eda na hina ya harusi kwenye kucha zake zote kumi.

Maua ya mikononi yalifutika katika wiki za mwanzo. Kucha zilibaki. Mama alikuwa akinituma nimpelekee uji, na mtoto akipeleka uji huangalia mikono inayopokea. Mara ya kwanza kucha zilikuwa nyekundu mpaka shinani, kama za bibi harusi yeyote. Baadaye pakatokea mstari mweupe chini, mwembamba kama mwezi mwandamo. Kila nikienda, ule weupe umepanda na wekundu umesogea mbele. Wanawake waliokuja kumkalia waliziona, wakazungumza habari za bei ya mchele. Hakuna aliyemwambia azifiche. Angezificha vipi? Na kila Ijumaa akikaa kwenye kizingiti cha chumba akikata kucha, akawa anakata kidogo cha harusi yake, anakikusanya kwenye karatasi na kukizika kama tulivyofundishwa. Alipotoka eda, mwezi wa Januari, ilikuwa imebaki ncha tu kwenye vidole gumba.

Haya yote niliyajua. Niliyaona kwa macho yangu. Na nilipokaa kuandika mwanamke aliyefiwa, nikaacha kile nilichokiona, nikampaka Cutex nyeusi kutoka kwenye filamu na vitabu vya watu. Kwa nini? Nimejiuliza sana. Nadhani niliona hina ni kitu cha bibi zetu, cha nyimbo za harusi, hakina uzito wa fasihi. Nyeusi ndiyo ilionekana ya kisomi. Mtu aliyeishia kidato cha nne ana njaa hii, anataka kuonekana amesoma. Basi akapaka.

Kosa langu, basi, si rangi ya giza. Rangi ya giza naipenda, na nitaivaa. Kosa ni kuifanya rangi iseme jambo ambalo mimi sijalitafuta, na kumwekea mhusika mikononi kitu ambacho hakuna aliyempa. Nawaomba wenzangu, hasa tunaoanza: kila ukimpaka mtu rangi, jiulize swali la Wete. Nani kampaka? Lini? Inatokaje, na ikitoka nini kitabaki? Ukiwa na majibu, paka hata kijani. Ukiwa huna, acha kucha za watu kama zilivyo.

Sura ya tatu nimeiandika upya. Chumba si kiza tena, ni saa nne asubuhi, dirisha wazi, mtoto kaja na uji. Nilipoisoma barazani wenzangu hawakutikisa vichwa kama mara ile. Mmoja alisema imekuwa nyepesi. Yule kijana wa Wete alikaa kimya muda, halafu akauliza ile karatasi ya kuzikia kucha ilikuwa ya nini, ya daftari au ya gazeti. Sijui bado. Nitakwenda kumuuliza mwenyewe, yupo, ameolewa tena, ana watoto watatu.

Vichupa viwili nimempa mdogo wangu. Cheusi nimebaki nacho. Ukiniona nacho garini, ndugu msomaji, usiniulize riwaya inasemaje. Nisogezee kapu, nikae.